Mlingoti Uliovuta Mdomo Wangu

Stima ikipotea mtaani kwetu Lucky Summer, Nairobi, mlingoti wa simu ulio juu ya ploti yetu ya ghorofa huvuta joto la wapangaji wanaolala chini yake ili mtandao usikatike. Hiyo ndiyo habari niliyoiamini karibu mwaka mzima, na sikuiamini nusunusu. Niliiamini kuliko ninavyoamini kitambulisho changu, ambacho hata jina la kijiji walikosea.

Aliyeniambia alikuwa fundi wa simu, jirani yangu wa orofa ya juu kabisa, nilikokuwa nikikaa na mke wangu na watoto. Tulikutana kwenye ngazi. Jua la mchana lilikuwa likikaanga mabati ya Baba Dogo nzima, na mimi nilikuwa ndani ya koti, juu ya koti blanketi, meno yakigongana kama vijiko ndani ya sufuria.

"Niaje mzee, hiyo baridi umeitoa wapi?"

"Hata sijui. Inaingia na kutoka inavyotaka."

"Jana stima si ilipotea?"

"Ilipotea."

"Na net ilikatika?"

"Haikukatika."

"Sasa jiulize. Jenereta ya huo mlingoti umewahi kuiona?" Akanigusa kifuani kwa kidole. "Jenereta ni wewe."

Alicheka akashuka zake. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ni msomi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, yale watu wanayoyaita gumbaru. Nilikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti yakinigusa masikio, na fizikia niliipasua hivi kwamba mwalimu alitaka kuniachia chaki akalale. Kwa hiyo nilisimama pale kwenye ngazi nikapiga hesabu. Joto hutoka palipo na moto kwenda palipo na baridi. Mlingoti ni chuma, chuma ni baridi, mimi nina moto. Nikitetemeka ndio unavuta. Nikianza kuungua na kutoa jasho la kulowanisha godoro hadi chini, stima imerudi na mlingoti unanirudishia deni lote kwa mpigo. Kila kitu kilikubali. Ubaya wa elimu kidogo ni kwamba inakupa maneno ya kutetea upuuzi wako.

Homa yenyewe ilianza nilipotoka nyumbani Kitui kumsaidia mama kuvuna ndengu. Nilikaa huko siku kadhaa, nikala, nikalala kwenye nyumba yangu ya udongo niliyoijenga kabla ya kuoa. Kwetu mwanamume aliyeoa halali chini ya paa la mama yake, hata kama lake linavuja. Mke wangu na watoto walibaki Nairobi kwa sababu ya shule. Nilirudi nikiwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho, na haikupita muda nikaangushwa. Kichwa kilipasuka, shingo na magoti yakauma kama nimepigwa na askari wa kaunti wote kwa zamu. Kisha, ghafla, ikaisha. Nikaamka mzima, nikala chapati, nikaenda kazini nikiimba. Baada ya siku kadhaa ikarudi tena.

Kliniki ilikuwa chini ya jengo la jirani. Hapa lazima niseme jinsi sisi watu wa orofa za juu tunavyougua. Siku homa imepanda huwezi kushuka ngazi za orofa sita, na hakuna jirani wa kukubeba, kila mtu ana shughuli zake. Kwa hiyo unangoja upate nafuu ndipo uende kutibiwa. Na ukilazimika kwenda ukiwa mgonjwa, unameza Panadol kwanza ili ushuke kwa heshima, usionekane ukitambaa. Ukifika pale chini, umepoa. Anakupima mtu ambaye hana homa.

Yule daktari wa kliniki hakuwahi kuniuliza chochote zaidi ya jina. Alikuwa na magonjwa mawili tu dunia nzima, malaria na taifodi. Malaria ikikosekana, basi taifodi imepanda.

"Lakini daktari, hii inaenda na kurudi."

"Taifodi ndivyo ilivyo, ni sugu."

"Dawa zako nimekula hadi mate yangu yanaweza kutibu mtu."

"Basi hukumaliza dozi."

"Nilimaliza!"

"Mzee, ungekuwa umemaliza ungepona. Wa pili!"

Na wa pili aliingia hata kabla sijavaa kiatu.

Nyumbani vita vilikuwa vya aina nyingine. Mke wangu ni mtu asiyeamini kitu hadi akishike, na habari ya mlingoti aliitupa nje nilipoifikisha tu.

"Baba, mimi nalala wapi?"

"Unalala kwa kitanda."

"Kitanda gani?"

"Hiki."

"Na watoto wanalala hapo chini. Sasa huo mlingoti unachagua wanaume?"

Nikamweleza, kwa utulivu wa mtu aliyesoma, kwamba mimi ndiye ninayelala upande wa dirisha, na kwamba kuna miili inayopitisha stima vizuri kuliko mingine.

"Na kuna vichwa visivyopitisha kitu," akasema, akageukia ukuta.

Majirani nao walikuwa na majibu yao. Wengine walisema ni pombe ya chang'aa. Wengine walisema ni ule ugonjwa, na wakaupunguzia sauti kana kwamba mimi ni kiziwi pia. Mama mmoja wa orofa ya tatu, ambaye mke wangu alikuwa akisukwa kwake, alianza kutunywesha chai kwenye vikombe vya plastiki tulivyoambiwa twende navyo. Kwenye bomba la maji watu walikuwa wakinipisha, si kwa heshima, bali jinsi unavyopisha toroli la taka. Nilikuwa nikichukia kila mtu kwa haki kabisa, bila upendeleo.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kunadi mitumba Mbotela, kwenye kibanda cha shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Mali ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wangu. Mtu akifungua belo la nguo, asiponadi, atakaa nalo hadi panya waoe humo. Sauti yangu ilisikika hadi Mukuru kwa Njenga upepo ukikubali. "Beba, mama, beba! Mwenyewe amehama Ulaya ameacha kabati wazi! Beba mapema, mali ni moja, mwili ni wako!" Akina mama walikuja kunicheka, wakaondoka na mashati ya waume wasiokuwa nao. Nyumba, karo, unga, vyote vilitoka kinywani mwangu, na sisemi hivyo kwa mafumbo.

Mama yangu alipigiwa simu akaambiwa ninaisha. Akasema nirudi Kitui nipate hewa safi. Nami, bila shaka, nilikubali mara moja. Huko hakuna mlingoti karibu! Kila mara homa ilipoachia nilisafiri, kwa sababu ikinishika sikuweza kukaa kwenye gari. Nilifika nyumbani nikiwa na nafuu, nikalala kwenye nyumba yangu usiku mbili tatu bila kutetemeka hata kidogo, nikarudi nikiwa na ushahidi mkononi. Kitui mzima, Nairobi mgonjwa. Nilimpigia fundi wa simu hata kabla ya kushuka stendi.

"Nimefanya jaribio," nikamwambia. "Limekubali."

"Jaribio la nini?"

"Mlingoti!"

"Ah, mzee," akasema, "bado uko na hiyo?"

Alikuwa ameshasahau. Mwanzilishi wa dini alikuwa ameacha dini, nikabaki mimi muumini.

Kisha ikaja asubuhi ya mdomo. Nilikuwa nikipiga mswaki, maji yakanitoka upande wa kulia yakatiririka hadi kwenye fulana. Nikadhani ni uzembe. Nikajaribu kutema, nikatemea bega. Nikaangalia kioo. Nusu ya uso wangu ilikuwa ikiniangalia kwa mshangao, nusu nyingine ilikuwa imelala kama mlinzi. Mdomo wote ulikuwa umevutwa kushoto, na jicho la kulia halikufumba. Na kushoto kwa kitanda changu ndiko lilikokuwa dirisha, na nje ya dirisha ndiko zilikoteremkia nyaya za mlingoti.

Nilimwita mke wangu. Nilitaka kusema "mama, mama," ikatoka "nhaa, nhaa," kama mbuzi mwenye mafua. Alikuja na mwiko mkononi, akaniona. Akakaa kwenye ndoo. Nami, kwa mdomo ule ule, nikamwambia, "Si nilikwambia?"

Hapo alilia, kisha akanirushia mwiko.

Watu hudhani uso ukipinda shida ni sura. Sura ni shida ya wanaokuangalia. Wewe una shida ya ugali unaojificha shavuni upande uliolala, ukausahau, ukaukuta jioni. Chai unainywa kwa mrija kama soda. Jicho lisilofumba linakauka, linawasha, mke anakufunga kitambaa ukilala, unaonekana haramia aliyestaafu. Watoto wanakuchekea mwanzoni, halafu wanaacha kucheka, na hiyo ndiyo mbaya. Na ukiwa mnadi, jaribu kusema "beba" bila midomo kukutana. Haitoki. Inatoka hewa.

Nilienda kazini hivyo hivyo. Shemeji alinisikiliza nikinadi, mikono kiunoni. Mteja mmoja alimvuta mwenzake wakavuka upande wa pili.

"Shem," akasema, "nenda nyumbani upumzike."

"Naheza," nikamjibu. Nilimaanisha naweza.

"Huwezi. Unatemea mali."

Niliporudi baada ya siku kadhaa nilisikia sauti yangu tangu mbali, kabla sijaona kibanda. "Beba, mama, beba! Mwenyewe amehama Ulaya!" Nilisimama katikati ya njia nikajishika koo. Shemeji alikuwa amenirekodi kwa simu zamani, siku ya soko kubwa, kwa ajili ya mzaha. Sasa alikuwa amenunua kipaza sauti cha betri, akanitia humo, akanining'iniza kwenye mti wa kibanda. Nilikuwa nikinadi bila kupumua, bila kuomba chai, bila kutemea mtu.

"Hiyo ni sauti yangu," nikamwambia.

"Ni yako, hakuna aliyekataa."

"Sasa hini nifanye nini?" nikauliza, nikimaanisha mimi.

"Wewe mdomo ukirudi, urudi. Usiporudi, shem, mimi nina watoto pia."

"Nitasema na dada yako."

"Sema naye. Kama atakusikia."

Watu wamefutwa kazi na ndugu, na mashine, na wageni. Mimi nilifutwa na mimi mwenyewe. Nilitamani kumpiga shemeji, lakini nilijua nikirusha ngumi jicho la kulia halitaona ilikoenda.

Kwa hiyo nilichukia mtu ambaye ningeweza kumfikia, naye alikuwa mwenye ploti. Alikuwa na duka la simiti na misumari chini kabisa ya jengo letu, mama mmoja mnene wa Murang'a aliyeketi juu ya mifuko kama aliyeitaga. Kodi ya mlingoti alikuwa akiila yeye, mdomo wangu uliliwa na mlingoti, hesabu ilikuwa wazi. Nilizunguka orofa zote nikihubiri. Mdomo mbovu, lakini hasira inatamka. Wapangaji kama wanane hivi walikubali kuja nami, wengine kwa sababu ya maumivu ya kichwa, wengine kwa sababu ya kiu ya fujo. Fundi wa simu alisema ana mteja.

Tulishuka mchana. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesikia baridi ikinitambaa mgongoni, lakini sikumeza Panadol. Nilitaka mwenye ploti auone ushahidi ukitetemeka.

"Mama," nikaanza, "tunataka mlingoti utoke."

"Nani ametaka?"

"Sisi hote."

"Hote ni nani? Sema vizuri."

Watu wakacheka, na waliocheka walikuwa wa upande wangu.

"Huu mlingoti wako umeniharibu!" nikapiga kelele. "Unavuta watu! Nimepoteza kazi! Tazama uso wangu!"

"Nimeutazama tangu uingie hapa miaka yote hiyo, haukuwahi kuwa mzuri." Alitupitia mmoja mmoja kwa macho. "Na nyinyi mnafuata huyu? Mlingoti uko juu ya nyumba tangu kabla mhamie. Mimi nalala orofa ya pili, nani amenivuta?"

"Wewe una mafuta!" akasema mtu nyuma yangu. "Joto halitoki!"

Sitawahi kujua ni nani, ila aliua kesi yetu pale pale. Mwenye ploti alisimama kutoka kwenye mifuko, na wakati huo huo taa ya duka ikazimika. Stima ilipotea mtaa mzima. Nami baridi ikanishika kwa mikono miwili. Nilitetemeka hadi misumari kwenye masanduku ikalia, naapa.

"Mnaona?" nikasema. "Mnaona? Unanivuta!"

Nikaanguka juu ya simiti.

Nilipofumbua jicho linalofumba, wafuasi wangu wote walikuwa wamekwisha kutokomea. Nilimsikia mwenye ploti akimwambia dereva wake wa pikapu anishike miguu.

"Hutafia kwa ploti yangu," akaniambia, akinibana kwapani. "Ukitaka kufa utafia mbele. Hapa sitaki maombolezo."

Alinipeleka hospitali ya serikali nikiwa nimelala nyuma, kati ya mabomba, mke wangu, aliyeitwa kutoka juu, akinishika kichwa. Mwenye ploti aliketi mbele na hakugeuka hata mara moja. Alipofika aliwagombeza walinzi, akaigombeza foleni, akamgombeza mtu wa viti vya magurudumu, hadi nikaingizwa ndani haraka kuliko mbunge. Sikumshukuru. Na yeye hakungoja shukrani, alisema tu kwamba suruali yangu imechafua gari.

Kipimajoto kilipotolewa kwapani kwangu muuguzi alikiangalia, akanitazama, akaita mtu wa damu papo hapo. Ndiyo mara ya kwanza nilitolewa damu nikiwa ndani ya moto wenyewe. Nililala kwenye benchi nikimlaani shemeji, kliniki na sayansi. Mwenye ploti alibaki amesimama mlangoni, mkoba kifuani, na nilijua anachongoja. Alitaka kusikia kwa masikio yake kama nitautaja mlingoti mbele ya madaktari.

Nikautaja. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyechoka, kalamu nywele zikiwa zimeimeza nusu. Nilimweleza yote, joto, chuma, nyaya za dirishani, jaribio la Kitui. Mke wangu alifunika uso kwa leso. Daktari hakucheka wala hakunikatiza. Majibu ya damu yalipotoka alinidunga sindano kwanza, akaniambia nitajisikia vibaya zaidi kabla ya kupata nafuu. Hakudanganya. Kabla ya jioni nilitetemeka hadi benchi likahama, nikamwita muuaji kwa sauti iliyotoka vizuri kuliko zote tangu mdomo upinde.

"Ndiyo dawa inafanya kazi," akasema. "Tulia, mzee."

Nilipopoa alirudi, akavuta kiti. Mwenye ploti naye akasogea, hakualikwa.

"Kitui unalala wapi?"

"Kwenye nyumba yangu."

"Ya mawe?"

"Ya udongo."

"Unalala kwa kitanda?"

"Mkeka, chini. Kitanda kiko Nairobi."

"Na ukiwa Nairobi nani anakaa humo?"

"Kuku wa mama. Lakini nikifika anawatoa na kufagia."

"Ukuta una nyufa?"

"Nyumba gani ya udongo haina nyufa?"

Daktari akaandika kitu, akaifunga kalamu.

"Sasa unaona!" mwenye ploti akasema. "Ni kuku zake! Na mimi natukanwa kwa duka yangu!"

"Mama, ngoja nje tafadhali," daktari akamwambia, naye hakutoka.

"Kwa hiyo mlingoti..." nikaanza.

"Mlingoti haujakufanya kitu, mzee. Umeng'atwa na papasi. Ni mdudu kama kupe, anakaa kwenye nyufa za ukuta na sakafu, anatoka ukiwa usingizini, ananyonya damu, anarudi kwake, na wewe husikii. Vijidudu alivyokuachia tumeviona kwenye damu yako leo kwa sababu ulikuja ukiwa na homa. Siku homa imeshuka huwa vigumu kuviona. Ndiyo maana kliniki hawakuviona, homa ikawa inaenda na kurudi, na kila ulipoenda kupumzika ulikuwa unaenda kung'atwa tena. Mdomo umepinda kwa sababu ugonjwa ulikaa sana bila dawa yake, ukafika kwenye mshipa wa uso. Homa itaisha. Mdomo utarudi polepole, pengine wote, pengine usirudi wote, sitakudanganya. Lakini ile nyumba usilale tena."